Laisini ya Mabibo ya Makote

Mkomaindo, Masasi
Alasiri, siku moja kabla ya safari

Mwanangu Zena,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Lakini wewe bado hujawa mbali. Uko Makote kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, na jua likishuka utarudi na gari la Newala, umebeba ming'oko, vile viazi vya porini, aliyokufungia, ambayo hutaruhusiwa kupanda nayo ndege. Na mimi siwezi kusema ni mzima sana. Siumwi, nimechoka tu. Nimefundisha hesabu asubuhi yote, nimerudi nyumbani, nikakuta begi lako limesimama sebuleni, limeshafungwa.

Ya makoti, ya dawa, ya pasipoti, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, mama yako amekwisha kuyasema na kesho stendi atayarudia. Mimi nimeketi niandike mengine. Nikijaribu kuyasema kwa mdomo nitakwama katikati, nianze kukuuliza kama umechaji simu.

Wiki iliyopita ulinieleza kazi unayokwenda kuisomea. Ulichukua mfuko wa karatasi uliokuja na mkate, ukanichorea bakteria kama yai kubwa, ukatia mishale: sukari inaingia hapa, inageuzwa hapa, inagawanyika huku na huku. "Tunafuta jeni hii, baba, pito hili linafungwa. Tunafuta na hii. Sasa sukari yote inakwenda kule tunakotaka." Nilikuacha uchore, ingawa michoro ya namna hiyo nimeichora miaka mingi. Ulikuwa unafurahia kueleza, nami nilikuwa nafurahia kukutazama. Ila uliposema "yote", neno lilinifika mdomoni. Nikanywa chai.

Habari za mradi wangu umezisikia kwa mama yako, tena kama vichekesho. Mama yako anajua kusimulia, na watu hucheka hadi wakashika mbavu. Na kule Makote wananiita Mzee Siki, wewe mwenyewe umelikuta jina hilo ukubwani ukalicheka. Sina kinyongo nalo. Lakini kabla hujaondoka ningependa uyasikie mara moja bila kicheko, kwa yule yaliyompata.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tukikaa Dar es Salaam, kwenye ile nyumba ya kupanga yenye geti la kijani ambalo ulikuwa ukiliogopa kwa sababu ya mlio wake. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu na kompyuta katika kikundi kidogo cha utafiti. Mama yako ndiye aliyekuwa maabara, mtu wa kuwaotesha bakteria wenyewe. Mkuu wetu alikuwa mwanamke mmoja mpole, mwenye sauti ya chini, tulimwita Dokta tu. Lakini wazo lilikuwa langu, na lilitoka nyumbani.

Mabibo unayajua. Korosho inakwenda kwenye gunia, bibo, lile tunda lake, linabaki. Mengine hukaushwa yakawa kochoko, mengine hukamuliwa pombe ya uraka, na mengi, mengi mno, yanaozea pale pale chini ya mikorosho, nzi na nyuki wakiyagombania. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Nilipokuja kusoma kwamba bakteria anaweza kulishwa sukari akatoa laisini, akili yangu ilikimbilia shambani kwa baba. Laisini ni ule unga ambao wafugaji wanauchanganya kwenye pumba na mashudu ili kuku akue upesi. Huku kwetu unakuja na meli. Basi nikasema: sukari tunayo chini ya miti, inaoza. Tumlishe bakteria. Nilisema hivyo mbele ya Dokta na kikundi kizima, nikaona nyuso zinachangamka, na nikaanza kujipenda.

Tatizo unalijua. Bakteria hana haja na kuku wa mtu. Laisini anatengeneza ya kumtosha mwili wake, sukari iliyobaki anaitumia kukua na kugawanyika. Kazi yangu ilikuwa kumpunguzia njia. Ndani ya kompyuta nilikuwa na mfano wake mzima, kila pito la chakula chake na jeni inayolifungua. Ukiiambia kompyuta kwamba mdudu huyu siku zote atataka kukua kwa kasi kadiri awezavyo, inaweza kukutafutia jeni za kufuta ili asiweze kukua bila kutoa laisini. Anakua kwa faida yake, na wewe unapata kwa faida yako. Sijawahi kukutana na wazo lililonipendeza kama hilo. Hata leo, nimechoka hivi, bado linanipendeza.

Jibu la kwanza la kompyuta lilitaka tufute jeni nyingi kwa pamoja. Laisini iliyoahidiwa ilikuwa ya kumwagika. Nilikwenda nalo maabara nikitembea kwa madaha.

Mama yako alitazama, akaniuliza, "Zote hizi?"

"Zote."

"Sasa yeye ataishi na nini?"

"Hesabu inasema ataishi."

Hakubishana. Alizifuta moja baada ya nyingine, kazi ya miezi, kila moja kwa subira yake. Kisha akamtia yule mdudu kwenye chupa ya sukari, akaiweka kwenye kifaa cha kutikisa, tukasubiri. Chupa ambayo bakteria wameota huwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Ya kwetu ilibaki angavu. Kesho yake angavu. Keshokutwa ungeweza kusoma gazeti kwa kupitia ndani yake.

Mimi, badala ya kurudi kwenye hesabu zangu, nilisema mbele ya wenzetu wote, "Labda chupa zimechanganywa."

Mama yako akarudi mezani kwake. Alianza upya tangu mwanzo, kazi nzima, na ikaja ile ile, angavu. Wakati wote huo nyumbani alipika, akakukagua madaftari, akanipa salamu zangu, na zaidi ya hapo hakunipa neno. Siku moja mimi ndiye niliyeshindwa, nikamwambia, "Mama Zena, sema basi."

Akasema, "Huyo mdudu hajui kama wewe una digrii."

Hapo ndipo watu hucheka anaposimulia. Siku ile hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa mezani unakula, ukatutazama mmoja mmoja, ukauliza mdudu gani.

Nilipunguza. Mpango wa pili ulikuwa wa jeni chache, na safari hii mdudu alikua. Chupa ikapata ukungu, tukapima, laisini ikawamo. Siyo nyingi kama kompyuta ilivyosema, lakini imo. Mama yako alinishika mkono pale maabara, kitu ambacho hakifanyi mbele za watu. Nikaamini tumevuka.

Tukaitisha kikao cha kuamua kama tuhamie kutoka kwenye chupa kwenda kwenye tangi kubwa. Dokta alisoma takwimu zangu taratibu, akainua macho.

"Kiasi hiki cha laisini ulichoandika hapa," akaniuliza, "ni cha juu kabisa au cha chini kabisa?"

Nililielewa swali. Kilikuwa cha juu. Kompyuta ilikuwa imenipa kile ambacho bakteria angeweza kukitoa kama angependa, kama mapito yote aliyobakiziwa angeyatumia kwa namna inayotufaa sisi. Cha chini sikuwa nimekihesabu. Haikunijia hata kukihesabu, na siku ile niliogopa kuonekana haikunijia.

Nikajibu, "Ndicho kiasi chenyewe, Dokta."

Alinitazama kidogo, akaendelea. Sidhani kama alinishuku. Aliniamini, ndivyo alivyokuwa.

Basi nikasafiri hadi Makote. Tangi lingehitaji juisi nyingi ya mabibo, na msimu ulikuwa umekaribia. Babu yako aliwaita majirani uani kwake, waume kwa wake. Nilisimama nikaeleza: msimu huu msiyakaushe mabibo, msiyakamulie uraka, yakamueni tu, tutaichemsha juisi, tutaitia kwenye madumu, gari litakuja kuchukua. Walisikiliza kwa adabu. Mwisho Bi Hadija, ambaye alikuwa na mikorosho yake upande wa bondeni, akaniambia, "Mwanangu, kochoko nikikausha inakaa, naiuza hata masika. Hiyo juisi mkiikataa nitaifanyia nini?"

Sikuwa nimefungua mdomo, babu yako akajibu kwa niaba yangu. "Hadija, mwanangu hawezi kuja hapa kutuambia jambo ambalo hajalihesabu."

Hilo likawatosha. Wakayakamua.

Sijui kama unamkumbuka babu yako. Nadhani unakumbuka kofia yake na ile tabia ya kukuita mchumba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinisomesha kwa mikorosho aliyokuwa akiipulizia dawa ya salfa mwenyewe mpaka macho yakawa mekundu, na sikuwahi kumsikia akijisifu kwa ajili yangu mbele za watu isipokuwa siku ile. Moja tu.

Tangi lilianza vizuri, kwa sukari ya maabara, kabla juisi haijafika. Siku za mwanzo laisini ilipanda. Kisha ikasimama. Kisha ikaanza kushuka, huku bakteria wenyewe wanazidi kuongezeka, wanakua kwa raha zao. Nilisimama pale mbele ya tangi nikasikia harufu, nikadhani kuna mtu anakula kachumbari. Ilikuwa siki. Kulikuwa na pito la kando ambalo mimi sikulifunga kwa sababu kwenye mfano wangu lilionekana halina maana, na mdudu mmoja kati ya mabilioni alijifunza kulitumia. Akawa anakula sukari ya bure, halipi laisini hata chembe, anatoa siki. Asiyelipa hukua haraka kuliko anayelipa. Baada ya muda ndani ya tangi hakukuwa na mwingine ila watoto wake.

Dokta alisimamisha kazi. Gari la kwenda Makote likafutwa. Na juisi ilikuwa imeshakamuliwa, madumu kwa madumu, yamepangwa uani kwa babu yako kwenye kivuli cha ukuta.

Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta ameketi karibu na yale madumu. Mengine yalikuwa yameanza kuvimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Hesabu zilikosea, au ulitueleza kabla hujamaliza kuhesabu?"

"Nilihesabu upande mmoja, baba."

Nilitamani anigombeze. Aliinuka, akavaa kofia yake, akasema, "Twende."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Yeye mbele, mimi nyuma. Kila mlango alibisha hodi, akasalimu, akauliza habari za watoto, kisha akasema, "Tumekuja kuwaambia juisi haitachukuliwa. Mwanangu amekosea." Hakuongeza neno la kunitetea, wala la kunilaumu. Nyumba nyingine walitupa pole, nyingine wakarudi kwenye shughuli zao. Kwa Bi Hadija alitutolea viti, tukakaa, akatuletea maji ya kunywa. Alimsikiliza babu yako. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Uliulizwa, mwanangu." Hivyo tu. Kwa upole kabisa. Nimesahau matusi mengi niliyowahi kutukanwa, lakini maneno yale mawili bado ninayo.

Zena, watu wengi watakuambia kwamba kukosea ni shule. Mimi siku ile sikujifunza kitu. Niliona aibu tu, na aibu ilinifanya mjinga zaidi. Nilirudi Dar nikawa mtu wa kukaa mbele ya kompyuta mpaka shingo inakakamaa, sili vizuri, wewe ukija na daftari nakuambia baadaye. Nilidhani nikitoa jibu haraka nitaifuta ile safari ya nyumba kwa nyumba. Babu yako alianza kuumwa mwaka ule ule. Nilimwambia mama yako nikimaliza mpango huu nitakwenda kumwona. Alikwenda mama yako, akiwa na wewe. Mimi nilibaki namaliza. Nilifika Makote siku ya mazishi, na mpango ulikuwa bado haujaisha.

Haya huyajui, kwa sababu ni sehemu ambayo mama yako huiruka. Huiruka kwa kunistahi. Nami sikuleti kwako unihurumie. Nakuambia kwa sababu utakuja kukaa mbele ya kompyuta ya namna ile ile, na kompyuta haitakuambia simama. Itakuwa tayari kila wakati kujaribu mchanganyiko mwingine. Hakuna mwisho wa jeni za kuchagua.

Baada ya arobaini nilirudi kazini, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Hapakuwa na mtu wa kumthibitishia. Nikaligeuza swali. Nikaacha kuiuliza kompyuta: huyu mdudu anaweza kunipa kiasi gani? Nikauliza: akininyima kwa kila hila aliyo nayo, akatumia kila uchochoro niliomwachia, ni kiasi gani atakachoshindwa kuninyima?

Majibu yalikuja sifuri. Mipango yangu yote mizuri, ile niliyowahi kuionyesha watu kwenye ukuta kwa mwanga wa projekta, ukiipima kwa swali hilo ilikuwa sifuri. Nilikaa na sifuri hizo muda mrefu. Kuna siku mama yako alipita nyuma yangu akatazama skrini, akacheka kidogo, akaniwekea kikombe cha chai na kuondoka. Nilielewa kwamba amenisamehe zile chupa.

Mwishowe ukapatikana mpango mmoja ambao haukuwa sifuri. Jeni chache, mojawapo ile ya pito la siki, na laisini ya kiasi kidogo tu, kitu ambacho miaka miwili nyuma ningeona haya kukionyesha. Kabla ya kumpelekea mama yako nilimwambia, "Huu si mzuri sana."

Akasema, "Mzuri ulikwisha nipa. Nipe huu."

Mdudu yule alikua polepole. Mama yako alimhamisha chupa hadi chupa, kizazi juu ya kizazi, akisubiri ageuke kama yule wa kwanza. Hakugeuka. Kila aliyejaribu kuacha kulipa alishindwa kukua, akaachwa nyuma. Kila chupa ilikuwa na laisini, ile ile kidogo.

Lakini mradi ulikuwa ukingoni. Wafadhili walikuwa wamekwisha kutazama kwingine, Dokta alihamishwa, sisi tukaambiwa tuandike tulichokipata na tufunge. Tukaandika. Nadhani huko uendako utakutana na andiko letu, watu wanalitumia. Jina langu wamelikosea herufi moja, usihangaike kurekebisha. Mama yako akapata kazi ya maabara ya hospitali hapa Masasi, mimi nikapata shule, tukarudi. Kiwanda hakikujengwa. Makote wanaendelea kukausha kochoko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa. Jumapili, kwenye ile shughuli ya kukuaga, mjomba wako alisimama na soda mkononi akasema, "Zena anakwenda kuimaliza kazi ya baba yake! Makote tutapata kiwanda!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Ulitabasamu. Nilikutazama, mwanangu, na nililijua tabasamu lile, kwa sababu niliwahi kuwa nalo mimi, siku babu yako alipowaambia majirani kwamba siwezi kusema jambo ambalo sijalihesabu. Ni tabasamu la mtu aliyetwishwa kitu kizito mbele za watu na hawezi kukitua.

Nilipaswa kusimama pale pale niseme. Sikusimama. Nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa na furaha. Basi nasema hapa: kazi yangu imekwisha. Iliisha ilivyoisha. Haikubaki kipande chochote kinachokungoja. Ukifika huko ukaona jeni zinakuchosha, ukapenda kitu kingine, kipende. Ukiamua kuendelea nazo, endelea kwa sababu ya ile raha niliyoiona usoni mwako ulipokuwa ukichora kwenye mfuko wa mkate. Wewe watu wa Makote hawakudai kitu. Bi Hadija alinisalimia wiki iliyopita sokoni Newala, akaniuliza unaondoka lini, akasema atakuombea. Mimi ndiye niliyewabeba miaka yote hii. Wao walinitua zamani.

Sitaki kufananisha maisha na bakteria. Wanaofanya hivyo mara nyingi hawajakaa nao. Lakini lile swali la mpango wa mwisho lilinibaki, na nimekuwa nikilitumia vibaya na vizuri. Zamani nilikuwa nikimwahidi mama yako makubwa siku ninapokuwa na nguvu, kisha nikichoka hapati hata salamu. Siku hizi najiuliza, leo nimechoka hivi, ni kitu gani ambacho sitashindwa kumpa? Mara nyingi ni kidogo. Kuosha vyombo. Kumsikiliza habari za maabara mpaka mwisho. Ameniambia anakipenda hicho kidogo kuliko yale makubwa. Wewe utayajua ya kwako.

Nimalizie kwa safari niliyoifanya mpango ulipokubali, maana hiyo mama yako hawezi kuisimulia, hakuwepo. Alinipigia simu kutoka maabara, akasema, "Kizazi kingine tena. Bado anatoa." Nilidhani nitaruka. Nilikaa chini. Mtu niliyetaka kumwambia hakuwepo duniani. Siku chache baadaye nikapanda basi, nikashuka Masasi, nikashika gari la Newala, nikaingia Makote mchana wa jua kali bila kumwarifu mtu.

Bibi yako alikuwa uani anatwanga. Hakuacha kutwanga aliponiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Umefukuzwa kazi?"

"Karibu, lakini bado." Nikaketi kwenye kigoda. "Nimekuja kukuambia wale wadudu wamekubali."

Akausimamisha mchi. "Wamekubali kweli, au wamekubali kama ile mara?"

"Kweli, mama. Kidogo, lakini kweli."

Alifikiri. Nilidhani atamtaja marehemu. Nilidhani atauliza juu ya madumu, juu ya majirani, juu ya kiwanda, na nilikuwa nimetayarisha majibu njia nzima. Alinitazama tu usoni, shingoni, mikononi, jinsi mtu anavyomtazama mnyama aliyerudi kutoka porini, kisha akaegemeza mchi ukutani.

"Umekonda," akasema. "Nawa mikono."

Akanipakulia ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, akanipakulia tena. Tangu siku zile za tangi nilikuwa sijasikia ladha ya chakula.

Kwa hiyo nakuomba hili moja, Zena. Wadudu wakikataa huko, nipigie simu. Wakikubali, nipigie vilevile. Saa yoyote iwayo. Huenda nisiwe na la maana la kukuambia. Hesabu za siku hizi zimenipita. Lakini nitapokea, na kabla ya kukuuliza chochote juu ya wadudu nitakuuliza kama umekula.

Baba yako